Nusu ya Bwawa

Kwaru, kwaru, kwaru.

Kabla jogoo hajawika nilikuwa naisikia mbuzi ya mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ikikuna nazi jikoni, gizani. Hakuwa na desturi ya kuwasha kibatari. Alisema taa ni ya wageni. Mwenye nyumba huijua nyumba yake kwa mikono. Nami nilijilaza ubavu, mwanangu Yudith kanigandia mgongoni, nikisikiliza mpaka mlio ubadilike, nijue meno ya mbuzi yamegusa kifuu.

Tui tulipikia. Machicha hayakutupwa, wala hayakupewa kuku. Yalikuwa ya samaki.

Samaki wenyewe walikuwa perege, nao waliishi katika bwawa alilolichimba mume wangu Methusela bondeni nyuma ya nyumba yetu, mwendo mfupi tu kutoka Tongoni. Alilichimba wakati wa likizo yake, yeye na jembe na beleshi, mpaka viganja vikachubuka. Kisha akaenda Korogwe kwenye mabwawa ya serikali, akarudi na samaki wachanga ndani ya debe la maji, amelipakata kwenye basi kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Alipokwisha kuwatia bwawani, akarudi kwenye mkonge.

Huko kwenye mkonge ndiko lilikokuwa tatizo letu. Methusela alikata mkonge kwa mkataba katika shamba moja la bara, na mkataba ukikaribia kwisha, karani alikuwa amekwisha kuandaa mwingine. Mume wangu alikuja nyumbani kwa nadra, na kila alipokuja Yudith alijificha nyuma ya kanga yangu. Siku zilipita ndipo akubali kupakatwa na baba yake. Akianza kumzoea, baba anafunga mzigo.

Siku ile ya kutia samaki tulisimama ukingoni, mimi na yeye, miguu imejaa tope.

"Mama Yudith," akasema, "hawa wakizaa, bwawa litajiendesha. Tutakula, na wengine tutapeleka sokoni Tanga. Mkataba wangu unaisha Pasaka. Wakizaa, sitii dole gumba kwenye mwingine."

"Na wasipozaa?"

"Wasipozaa, basi tumefuga mapambo."

Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Samaki wakabaki mikononi mwetu wanawake, na kwa kweli mikononi mwa mavyaa. Bibi Benedikta ni Mshambaa wa milimani, aliteremka pwani na mumewe zamani wakifuata kazi, mume akafa, yeye akabaki na mwanawe mmoja na mwendo wa kimlima, wa mtu anayepanda hata penye tambarare. Kijijini kwao, bi arusi mpya alikabidhiwa chemchemi. Mavyaa wa bi arusi alikuwa akipita kuikagua, anatia kidole kwenye jiwe, na akikuta utelezi wa kijani, habari zilifika kwa wazazi wa binti kabla ya jua kuchwa. Yeye Benedikta, chemchemi yake haikuwahi kusemwa.

Basi alilitunza bwawa kama chemchemi. Kila Jumamosi alifunga kanga kiunoni, akaingia majini, akasugua mawe na kingo kwa kumbi la nazi mpaka ukijani wote ukatoka. Aliuzoa kwa kikapu akaenda kuumwaga mbali. Jani likianguka, aliliokota. Wapita njia walisimama kutazama samaki wakitembea chini kana kwamba wako hewani. "Bwawa la Bibi Benedikta," walisema, "mtu anaweza kuchota akanywa." Nami nikajivunia. Nilisoma darasa la jioni kule Makorora, mjini Tanga, kabla sijaolewa, na usafi ulikuwa somo la kwanza.

Samaki walikula sana. Machicha yakimwagwa, maji yalichemka kwa midomo. Matumbo yakatuna. Lakini hawakurefuka. Miezi ikaenda, rangi yao ikapauka kama shuka lililofuliwa mno, na mapezi yakaanza kuchanika kwenye ncha, mfano wa pindo la kanga kuukuu.

"Wana njaa," akasema mavyaa, na akaongeza machicha.

Methusela alikuja Krismasi. Asubuhi moja aliniita kwa sauti kubwa nikadhani nyoka. Alikuwa ameshika jike la perege, amelifunua mdomo taratibu kwa kidole. Ndani mlikuwa na mayai ya manjano. Perege jike akisha kutaga huyaokota mayai yake, huyaweka mdomoni na kukaa nayo humo, hali kitu, mpaka yaanguliwe na watoto wapate nguvu ya kuogelea. Methusela aliambiwa hivyo Korogwe, na sasa alikuwa akiyaona kwa macho yake. Alimrudisha jike majini kwa mikono miwili. Siku hiyo alimbeba Yudith begani hadi Tongoni na kurudi, na mtoto hakulia.

Halikwisha juma, mayai yakageuka meupe. Jike akayatema. Na majike wengine vivyo hivyo. Tuliyakuta chini ya maji yale maangavu, tukayaona vizuri sana, yametapakaa mchangani kama wali uliomwagika.

 Methusela alisema siku ya kuondoka, mzigo uko begani.

"Mayai nimeyaona, Mama Yudith. Sasa nionyeshe mtoto anayeogelea."

Alipokwenda nilimkamata samaki mmoja aliyekuwa akielea upandeupande, nikampasua. Nilitazamia kumkuta mkavu ndani, kama mbuzi wa kiangazi. Sivyo. Mafuta yalikuwa yamejaa tumboni, meupe, na ini limevimba, limepauka, laini kama siagi iliyoachwa juani. Nikakaa na kisu mkononi. Njaa gani hii inayonenepesha?

Mwezi wa kwanza akatujia Bwana Timotheo kwa baiskeli. Alikuwa msaidizi katika idara ya samaki, na bonde zima lilimwita Bwana Samaki. Nilimpasulia mwingine mbele yake. Mavyaa alisimama karibu, mikono kiunoni.

"Hawa hawana njaa," Bwana Timotheo akasema. "Wamenona."

"Unaona sasa!" mavyaa akanigeukia. "Nazi haimwachi mtu."

"Mnawapa nini?"

"Machicha ya nazi, na pumba za muhogo," nikasema. "Asubuhi na jioni."

"Na kingine?"

"Kingine kipi tena, mwanangu?" mavyaa akauliza. "Au tuwapikie pilau?"

Bwana Timotheo akacheka, akaketi juu ya jiwe, akafuta mikono kwa majani.

"Nilisoma habari moja," akasema. "Si ya samaki, ni ya panya. Wazungu fulani waliwafungia panya, wakawalisha chakula kisicho na mafuta hata chembe. Panya wakaota magamba mkiani, ngozi ikapasuka, wakashindwa kuzaa. Wakapewa mafuta ya mbegu kidogo tu, wakapona. Wengine wakapewa mafuta ya nazi. Hawakupona."

"Panya wa wapi hao wasiopona kwa nazi?" Mavyaa alikasirika kweli. "Panya wangu wa darini wananenepa kwa nazi hadi wanashindwa kupita tunduni!"

"Bibi, wako hula nazi, na mtama wako, na dagaa wako, na ufuta wa jirani. Wale walifungiwa. Hawakuwa na pa kuiba."

Nikamuuliza, je, mafuta si mafuta?

"Ndivyo tulivyodhani wote. Mwili, Mama Yudith, ni kama mpishi hodari. Mpe ugali, atapika mafuta humo humo, mengi. Ila kuna aina moja au mbili hajui kuzipika hata umpe nini. Hizo lazima aletewe kutoka nje, zimekwisha kupikwa. Asipoletewa, atanenepa kwa yale mengine, na bado ataharibika."

"Na samaki nao wako hivyo?"

Akasita. Hilo lilinipendeza kwake.

"Sijalisoma popote. Nisikudanganye. Labda samaki ni kama panya, labda sivyo."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake, na mavyaa akasema huyo kijana jua limempiga kichwani.

Maneno yake nilikaa nayo. Nilimtazama Yudith akifinyanga wanasesere wa udongo, baba mmoja na mama mmoja, nikawaza kwamba kuna vitu ninavyoweza kumtengenezea mwanangu kwa mikono yangu, na vingine siviwezi hata nikeshe.

Siku chache baadaye nilikuwa nakwenda dukani, nikapita kwa jirani yetu Mselem, Mdigo mwenye mbuzi wengi na mdomo usiofungwa. Nyuma ya zizi lake lilikuwapo shimo la kuchimbia udongo wa kukandikia nyumba, limejaa maji.

"Shemeji!" akaniita. "Njoo uwasalimu ndugu zako. Mvua za vuli zilipofurika, samaki wenu walinijia. Wamesilimu hao."

"Wamesilimu kwenye maji hayo? Udhu wametawadha wapi?"

Akacheka mpaka akashika mgomba. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuinama. Maji ya shimo lile yalikuwa ya kijani, mazito kama mchicha uliochemshwa. Samadi ya mbuzi ilikuwa ikiteremka humo kila mvua inyeshapo. Mselem akatumbukiza tenga, akamtoa perege. Alikuwa mweusi wa kung'aa, mrefu, mapezi mazima hadi nchani, na alipiga mkia kwa nguvu akamrushia Mselem maji usoni.

"Unawalisha nini, shemeji?"

"Nawalisha? Mimi nawalisha mbuzi. Hao wanajitafutia."

Aliniruhusu nimpasue. Ini lilikuwa jekundu la kahawia, dogo, kavu.

Nilirudi nyumbani polepole, dukani sikufika. Samaki ni wale wale, debe ni lile lile. Kwa Mselem hapakuwa na machicha, wala aliyesugua mawe. Kulikuwa na ule ukijani. Perege wa mtoni nao, nani huwakunia nazi? Kama yale mafuta ya Bwana Timotheo hupikwa mahali, basi labda hupikwa humo, katika utelezi ule unaochukiza mguu. Na sisi kila Jumamosi tulikuwa tukiuzoa kwa kikapu na kuutupa.

Tulikuwa? Aliyekuwa akiuzoa namjua. Nilimwona kwa mbali, bibi wa watu, ameinama majini, kumbi mkononi, akisugua jiwe moja kwa moyo wote ili mwanawe arudi nyumbani. Maana naye alikuwa akilitaka jambo lile lile nililolitaka mimi. Ningemwambiaje?

Siku tatu sikuweza. Siku ya nne, tukichambua mchele ukumbini, nikasema:

"Mama, naomba nusu ya bwawa."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Bwawa ni kitambaa, likatwe?"

"Niweke uzio wa mianzi katikati. Upande mmoja wako, utunze kama unavyotunza. Upande mmoja niachie nijaribu."

"Ujaribu nini?"

"Nijaribu... kutosafisha."

Alichagua chuya moja, akaitupa.

"Mwanangu ameoa mke, au ameoa bata?"

"Bata huzaa, mama."

Neno likanitoka kabla sijalipima, nikaona aibu, nikainama. Nilidhani atainuka. Akaendelea kupepeta, mchele ukaruka ukaanguka, ukaruka ukaanguka.

"Mavyaa wangu," akasema mwisho, "alitia kidole kwenye kila jiwe. Kila jiwe, Beatrisi. Nilikuwa naamka usiku kuhakikisha." Akapuliza makapi. "Chukua upande wa chini. Wa juu una watu wanaopita. Sitaki waone."

Nikasimika mianzi, nikaikaza kwa kamba za ukindu. Kwa Mselem nikachota samadi vikapu na vikapu, nikaimwaga majini upande wangu. Kisha nikaenda dukani kwa Rehmatbai, mke wa Jaffer. Mumewe alikuwa na kinu cha kukamulia ufuta mjini Tanga, na yeye hapa kijijini alifuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya duka. Nilimwuliza kuhusu mbegu zenye mafuta.

"Mafuta ya ufuta kwa samaki? Masikini, mtoto wako atakula nini? Chukua mashudu." Akanionyesha gunia la mabonge yale meusi yanayobaki ufuta ukisha kukamuliwa. "Mafuta bado yamo kidogo. Ng'ombe wangu nampa, maziwa yanakuwa mazito. Wewe uniletee majani mabichi kwa ng'ombe, mimi nakupa mashudu. Lakini mapya tu, mama. Yakinuka ukali, tupa. Mafuta yaliyooza ni sumu hata kwa ng'ombe."

Basi kila siku nilikata majani, kila siku nikatwanga mashudu. Maji ya upande wangu yakaanza kuwa rangi ya chai, kisha ya majani mabichi, kisha sikuona chini tena. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Upande wa mavyaa ulionyesha kila kitu; upande wangu ulikuwa ni kuamini tu. Mselem alipopita alisimama.

"Shemeji, upande upi ni wa Walutheri?"

"Ulio safi!" mavyaa akajibu kutoka jikoni, wala hakutoka nje.

Kwaresima ikaingia. Nilipotumbukiza tenga upande wangu, samaki wa kwanza niliyemtoa nilidhani nimekosea, nimemtoa shimoni kwa Mselem. Ncha za mapezi zilikuwa zimeanza kuota upya, nyororo, zinapitisha mwanga. Mgongo umerudia weusi wake. Sikumwita mavyaa. Nilimweka samaki kwenye beseni la maji, nikaliacha beseni mlangoni pa jikoni kana kwamba nimelisahau, nikaenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa amechuchumaa mbele yake, kidole kimegusa pezi. Alipogundua nipo aliinuka.

"Beseni la kufulia hili. Usitie samaki."

Jumamosi iliyofuata hakuingia bwawani. Goti, alisema. Jumamosi iliyofuata tena, goti bado. Siku moja nilikuta kikapu kitupu chenye harufu ya samadi kimeegeshwa nyuma ya choo, nacho hakikuwa changu. Upande wa juu, ule wa watu wanaopita, ukaanza kupata rangi. Wapita njia wakauliza, Bibi Benedikta, vipi tena, unaumwa? Aliwajibu nini sijui. Na asubuhi moja nilikuta mianzi yangu yote imeng'olewa, imefungwa mtumba, imeegemezwa ukutani.

"Nataka kujengea banda la kuku," akasema. "Mianzi mizuri inaozea majini bure."

Hatukulizungumza tena jambo hilo. Yako mambo ambayo mavyaa na mkamwana wakiyasema, huyaharibu.

Methusela akaja Ijumaa Kuu, amekonda, viganja vimekakamaa kwa miiba ya mkonge. Tulikwenda kanisani, tukala, tukalala. Hakuuliza habari ya samaki, nami nilijua kwa nini: alihofu jibu. Jumapili jioni akasema tu kwamba Jumatatu adhuhuri lori la karani litapita barabara kuu, na wenye kuweka dole gumba watapandia hapo.

Jumatatu asubuhi akateremka bondeni, shati lake la safari liko mwilini tayari. Sisi tukamfuata nyuma. Akasimama ukingoni, akatazama maji yale ya kijani, kutoka mwisho hadi mwisho.

"Mama," akasema taratibu, "bwawa lako limekuwaje?"

"Limekuwa bwawa," mavyaa akajibu.

"Sioni kitu humu."

"Ngoja," nikasema.

Akangoja. Jua likapanda juu ya migomba. Samaki walikuja juu, wakafunua midomo, wakazama; migongo yao tu ndiyo iliyoonekana, myeusi, mipana. Akatikisa kichwa kwa furaha, nikaona, kisha ile furaha ikafifia. Samaki wanene wa kula mara moja si bwawa linalojiendesha. Nami sikuwa na la kumwonyesha. Majike wawili watatu nilikuwa nimewaona wiki hiyo hawagusi chakula, mashavu yametuna, lakini sikuthubutu kuwashika, nisije nikawatisha wakatema. Kama mayai yalikuwa mazima au yameoza, maji yale hayakuniambia.

Kwa mbali lori likasikika likibadilisha gia kwenye mteremko wa Tongoni. Methusela akalitazama upande ule. Akafunga kifungo cha shati. Mavyaa alishika mkono wangu, jambo ambalo hajapata kulifanya, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

Yudith alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kidevu juu ya nyasi, pua karibu iguse maji. Pale penye kina kifupi jike kubwa lilikuwa limesimama bila kutikisika. Likafunua mdomo. Kitu kama moshi kikatoka humo, kikatawanyika majini, kikawa vidoa, na kila kidoa kilikuwa na mkia.

Methusela alikuwa amekwisha kutupa kisogo. 

Yudith hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua inanyesha:

"Yule samaki ametema watoto."